Tumbo Langu Si Shahidi Wenu

4 Machi

Mdogo wangu,

Simu hupokei, na siku ukipokea unakata kabla sijamaliza sentensi. Barua haikatiki. Utaisoma mpaka mwisho hata kama utaisoma umenuna.

Nakuuliza jambo moja, unijibu kama mtu mzima: una mimba au huna?

Usipandwe na mori. Siulizi kwa udaku. Shangazi yake mchumba wako alipita hapo kiwandani kwenu kununua mikate, akakuona kaunta umejishika kiuno, tumbo mbele, uso umeparara. Akarudi huku na habari hiyo. Mpaka habari inamfikia Baba ilikuwa imeshaota mikono na miguu. Sasa Baba hali na sisi mezani, anapelekewa sahani chumbani. Mimi ni mwalimu mkuu. Kila Jumatatu nasimama mbele ya shule nzima kuhubiri maadili, na siku hizi nikiingia ofisini walimu wananyamaza. Unajua maana ya walimu kunyamaza?

Na usidhani sikukuona ulipokuja likizo Desemba. Chakula ulikuwa unakizungusha tu kwenye sahani. Ukila vijiko viwili vitatu unatoka, na mimi nakusikia unatapika nyuma ya choo. Nikajisemea ni uchovu wa safari. Lakini lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Mchumba wako, Mhasibu, ni kijana wa watu. Mpole, ana kazi ya kueleweka idara ya maji, hana makuu. Kama mzigo ni wake, sema, tuharakishe ndoa na watu wachoke kusema. Kama si wake, sema pia, nijue nasimama wapi. Ninachokataa ni kufanywa mjinga. Mama alifariki ukiwa hujui hata kufunga viatu, nikakulea mimi. Sistahili kupata habari zako kwa shangazi wa mtu.

Nijibu.

Dada yako


12 Machi

Dada,

Shikamoo. Hiyo nimeiandika kwa heshima ya marehemu Mama. Ingekuwa hiari yangu ningeanza na matusi.

SINA MIMBA. Ukipenda iandike ubaoni, watoto wako wainakili mara mia.

Naumwa. Nimewaambia tangu mwaka juzi kwamba naumwa, na kila mtu ananiitikia "pole" kama anayemjibu mtu aliyejikwaa. Nikila, hata uji, baada ya muda tumbo linaanza kusokota kama nguo inayokamuliwa. Halafu linavimba. Asubuhi mkanda wa aproni naufunga mafundo mawili na unabaki; mchana ncha zake hazikutani. Kushoto kwa kitovu panatokea uvimbe mgumu, unashikika kabisa, unanguruma, unahama, unarudi. Kisha natapika mpaka naona nyota. Nikishinda na njaa siku moja mbili, linashuka lenyewe. Na hapo ndipo watu wanapoangalia tumbo lililoshuka wanaanza kukonyezana.

Nimekwenda kwa madaktari watatu. Wa kwanza alisema vidonda vya tumbo. Wa pili alisema minyoo, akanipa dawa iliyonimaliza nguvu. Wa tatu, kijana mwenye miwani, hakunigusa hata kwa kidole. Aliniuliza umri, akaniuliza kama nimeolewa, akasema ni mawazo, nikiolewa yataisha. Wote watatu kabla ya lolote walinipima mimba. Wote hawakuiona. Yule wa miwani akaandika nipimwe tena.

Mhasibu wako mpole nilimwambia haya yote. Alisema nipunguze pilipili.

Dada, mimi nashinda mbele ya tanuri. Trei baada ya trei ya mikate ya moto inapita usoni pangu, na njaa inaniuma hivi kwamba mate yananidondoka, lakini naogopa kula kipande. Nimekonda mpaka pete ya uchumba naivaa kidole gumba. Wewe ulinisikia natapika nyuma ya choo Desemba. Mtu akisikia mwenzake anatapika anachukua maji anamfuata. Wewe ulikaa mezani ukahesabu miezi.

Wala usinirudishie barua hii na masahihisho ya kalamu nyekundu.

Mdogo wako


23 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako Baba alinikuta nayo mkononi akaitaka. Sikuweza kumnyima. Akaisoma, akampa babake Mhasibu, huyo akampa yule shangazi, na shangazi unamjua: alichosoma yeye kimesomwa na mtaa mzima.

Sasa sikiliza walichokiona wao. Tumbo linapanda, tumbo linashuka. Vipimo havioni kitu. Shangazi alipiga kofi moja tu, akasema, "Si ndiyo hiyo! Ameitoa." Nikamwambia mdogo wangu si mtu wa hivyo. Akaniuliza, "Wewe ulikuwepo?"

Uchumba umevunjwa. Mhasibu mwenyewe hakuja, alimtuma baba yake. Baba yetu amesema usikanyage hapa mpaka useme ukweli.

Mimi sijui tena niamini kipi. Ningekuwa na hakika ningegombana na dunia nzima kwa ajili yako, unanijua. Lakini huniambii kitu nikashika. Uvimbe unaohama? Unaonguruma? Nani alishasikia ugonjwa wa namna hiyo? Mficha uchi hazai. Kama kuna kitu, niambie mimi peke yangu, nitakufa nacho.

Dada yako


9 Aprili

Kwa Daktari wa Upasuaji,
Wodi ya Wanawake.

YAH: MDOGO WANGU, MFANYAKAZI WA KIWANDA CHA MIKATE

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni dada mkubwa wa mgonjwa huyo na ndiye mlezi wake. Nimepigiwa simu na msimamizi wake wa zamu, mama mmoja ambaye simfahamu, akanieleza kwamba mdogo wangu amefanyiwa upasuaji wa tumbo hospitalini kwako. Alikuwa akilia, sikumwelewa vizuri zaidi ya hapo.

Daktari, mimi ni mtu mzima na mwalimu, unaweza kunieleza waziwazi. Naomba kufahamishwa mimba ilikuwa ya muda gani, ilitolewa wapi na nani, na kama kizazi kimesalimika. Familia ya aliyekuwa mchumba wake wanadai majibu, na baba yetu ni mtu wa shinikizo la damu.

La pili ni ombi. Ninafahamu kuwa karatasi ya kuruhusiwa mgonjwa huandikwa sababu ya upasuaji. Kwa kumsitiri binti huyu, ambaye hana mama, nakuomba kwa unyenyekevu iandikwe "kidole tumbo." Ni ugonjwa wa heshima, unampata mtu yeyote. Hakuna atakayejua isipokuwa wewe na mimi.

Nimeandika kwa kirefu katika kurasa zinazofuata kuhusu malezi niliyompa, ili usidhani ametoka kwenye nyumba isiyo na adabu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu Mkuu


16 Aprili

Mwalimu Mkuu,

Barua yako nimeipata. Nimeisoma mara mbili kurasa zote nikitafuta sentensi moja inayouliza kama mdogo wako yu hai. Haipo.

Yu hai.

Habari za mgonjwa wangu huwa siwapi ndugu. Kwa hiyo nilikwenda kitandani kwake nikamsomea barua yako neno kwa neno, kwa kuwa inamhusu yeye. Nilidhani atalia. Alicheka mpaka nikahofia mshono. Kisha akasema, "Mwandikie, daktari. Mwambie kila kitu, mpaka rangi." Basi, mpaka rangi.

Aliletwa na yule mama wa zamu kwenye gari la kusambazia mikate, amelala juu ya magunia matupu. Alikuwa anatapika kijani. Tumbo limekaza kama ngoma. Haja hapati, hata upepo hautoki. Tulimpitisha mpira puani kuondoa maji yaliyojaa tumboni, tukamtundikia dripu, tukamwingiza kwenye ile mashine kubwa ya mviringo inayopiga picha za ndani. Utumbo mwembamba kwa kawaida umetapakaa tumboni kote. Wake ulikuwa umekusanyika katikati, kama nguo zilizofungwa ndani ya shuka. Nikahisi ni kitu gani, lakini kitu hiki hakithibitishwi mpaka ufungue.

Nikafungua. Sikuuona utumbo. Niliona mfuko: utando mweupe, mnene, unaong'aa, umeuzingira utumbo karibu wote kama kifukofuko anachojifumia nondo. Humo ndani utumbo ulikuwa umekunjwakunjwa bila nafasi ya kusukuma chakula. Kila alipokula, chakula kilikwama na utumbo ukavimba ndani ya gunia hilo. Ndio uvimbe alioushika kwa mkono wake na kuwaelezeni. Alipokaa na njaa, ulishuka. Mlichokuwa mkikipa majina huko kwenu ni mtu anayekufa njaa huku anakula.

Msaidizi wangu hakuwahi kuuona ugonjwa huu. Mimi ni mara ya pili tangu nishike kisu. Tuliubandua utando kidogo kidogo, kwa mkasi na ncha za vidole, maana ukiharakisha unatoboa utumbo na mgonjwa unamzika. Hatukutoboa, wala hatukulazimika kukata utumbo. Kipande tulichopeleka maabara hakikuonyesha kifua kikuu wala saratani. Ugonjwa huu hauletwi na uchafu, hauletwi na tabia. Unaletwa na nini kwake yeye? Sijui. Laiti na wale watatu waliomwona kabla yangu wangesema "sijui," wangemtuma kwa mtu mwingine mapema.

Mimba haikuwepo, wala haikutolewa. Nimekuandikia hilo kwa sababu yeye ametaka. Ingekuwepo, usingelipata kwangu hata kwa kurasa mia. Na kidole tumbo chake ni kizima, kiko palepale. Sitakiandikia uongo ili uonekane mlezi mzuri.

Nina hasira, na nina mgonjwa mwingine anayesubiri.

Daktari wa Upasuaji


20 Aprili

Dada,

Hii haina shikamoo.

Nimesomewa barua yako nikiwa na mpira puani. "Ni ugonjwa wa heshima." Umefikiria peke yako hiyo, au mlikaa kikao? Kwanza ukanipaka kinyesi, halafu ukatafuta daktari wa kukifunika na kitambaa cheupe, ukakiita kunisitiri. Hata mama wa zamu, ambaye kazini tunagombana kila siku kwa sababu ya hamira, alinibeba mgongoni mpaka kwenye gari. Alikupigia simu akilia. Wewe ukachukua kalamu ukaandika YAH.

Ngoja nikupe habari za huku. Mtu akipasuliwa tumbo, utumbo unalala. Hali kitu mpaka uamke, na dalili ya kuamka ni kujamba. Basi kila asubuhi daktari, mama mzima mwenye mvi, anasimama miguuni kwangu mbele ya wodi nzima: "Umeshajamba?" "Bado, daktari." Wodi nzima inasikitika. Juzi kikatoka. Kidogo tu, kama mlio wa mlango wa kabati. Wagonjwa wakapiga makofi. Bibi wa kitanda cha jirani, mwenye mguu uliokatwa, akapiga vigelegele mpaka muuguzi akaja mbio kudhani kuna mtu amekufa.

Watu hawa siwajui hata majina, na wameufurahia upepo wangu kuliko ninyi mlivyoufurahia uhai wangu.

Usije. Msimamizi wangu atanichukua nikiruhusiwa.

Mdogo wako


2 Mei

Mdogo wangu,

Nimeanza barua hii nikaichana, nikaanza nyingine nikaichana. Mimi sijui kuomba radhi. Kazini naombwa mimi. Watoto wananijia wameinamisha vichwa, nami huwa nawaambia "Umekosa nini? Taja." Basi nimejaribu kutaja, na kila nikitaja naona hakitoshi. Nilikusikia ukitapika nikadhani nimesikia aibu yangu. Hicho kimoja. Vingine unavijua.

Lakini na wewe ulinijibu kwa kebehi tupu! Ungeniambia "Dada, naogopa kufa," ningepanda gari siku hiyohiyo. Uliniandikia habari za kunakili mara mia. Ndivyo tulivyo watu wa nyumba hii, mtu anazama huku anatukana maji.

Sasa kuna jambo. Habari imefika kwa kina Mhasibu kwamba ilikuwa maradhi. Wanakuja Jumapili ya tarehe kumi na nne, baba yake na shangazi, kuzungumza upya. Barua ya daktari ninayo. Baba anataka isomwe mbele yao, yote, ili kila aliyesema ameze maneno yake. Amefurahi, amerudi kula mezani. Nilimwambia nakuuliza wewe kwanza. Akanishangaa: "Tangu lini?"

Nakuuliza.

Dada yako


8 Mei

Dada,

Hapana.

Nieleze kidogo, usije ukasema ni kebehi. Nina mshono kuanzia chini ya kifua mpaka chini ya kitovu. Nikikohoa nashika mto. Naamka naota nimefungwa ndani ya kitu na sitoki. Kilichonipata kimenipata mimi, na nitamhadithia nimtakaye. Hakitasomwa sebuleni kwa Baba huku watu wanakunywa chai, wakipitisha karatasi kwa yule shangazi aangalie kama kuna muhuri.

Na zaidi ya hapo. Hebu tuseme ingekuwa mimba kweli. Tuseme niliitoa, ikaharibika, nikaletwa juu ya magunia natapika. Ningekuwa sistahili maji? Nisingekuwa tena mdogo wako? Kila mtu sasa ananipigia simu, "Kumbe ulikuwa unaumwa kweli!" kana kwamba wamenisamehe. Kunisamehe nini? Karatasi hiyo mkiisoma mtakuwa mmekubali kwamba bila karatasi mlikuwa na haki. Kesho binti mwingine tumbo litamvimba, hana utando wala daktari wa kumwandikia, mtamfanya nini?

Tumbo langu si shahidi wenu. Mwambie Baba hivyo, kwa maneno hayohayo. Usiyapunguze makali.

Mdogo wako


16 Mei

Mdogo wangu,

Wamekuja, wameondoka.

Baba alivaa koti. Wageni wakakaa, chai ikaja, habari za mvua zikaisha. Baba akanigeukia, "Mwalimu, lete ile karatasi." Nikasema, "Karatasi ipo, Baba, lakini mwenyewe amekataa isisomwe. Amesema tumbo lake si shahidi wetu." Baba akanitazama kama mtoto aliyemjibu mbele za watu, ambavyo ndivyo ilivyokuwa.

Babake Mhasibu akakohoa, akasema wao si watu wabaya, wanaelewa ni ugonjwa, kijana bado anampenda. Nikaanza kulainika kidogo, nisikufiche. Ndipo shangazi akaweka kikombe chini, akauliza kwa ile sauti yake ya asali: "Sisi tunataka kujua moja tu. Huko ndani walikokatakata, kizazi hakikuguswa?"

Mdogo wangu, nikajisikia mwenyewe. Ndilo swali lilelile nililomuuliza daktari. Nililiona limekaa pale kwenye kochi, limevaa kitenge, linakunywa chai yangu.

Nikasimama. Nikamwambia, "Hukuuliza anaendeleaje." Akasema, "Si ndiyo nauliza?" Nikamwambia, "Hapana, umeuliza kama sufuria halijatoboka. Chai imekwisha." Babake Mhasibu akasema, "Mwalimu, tuzungumze kiutu uzima." Nikamwambia utu uzima ulikuwa ni kuja hospitali, na kwamba mimi pia sikuja, kwa hiyo hapa ndani hakuna mtu mzima hata mmoja. Nikachukua vikombe. Chake shangazi kilikuwa nusu, nikakichukua hivyohivyo.

Baba hajasema nami tangu hapo. Amerudi kula chumbani. Leo nilimpelekea sahani nikamwambia, "Ukimaliza, uilete mwenyewe jikoni." Aliileta.

Sikuombi unisamehe. Naomba ruhusa ya kuja kukuona. Ukikataa nitaelewa, ingawa nitakasirika.

Dada yako


25 Mei

Dada,

Barua yako nimemsomea msimamizi wangu tukiwa tunapanga trei. Alicheka "chai imekwisha" mpaka akaunguza mikono. Anasema wewe angekupa zamu. Mimi nilicheka pia, nikakumbuka nimekukasirikia, nikanyamaza. Bado nimekukasirikia. Nikiamka naikuta hasira imekaa kitandani inanisubiri, na sina mpango wa kuifukuza kwa sababu tu umefukuza wageni.

Mhasibu alikuja mwenyewe kiwandani wiki iliyopita. Alisimama mlangoni na viatu vyake safi, akaniuliza, "Mbona hukuniambia ni ugonjwa mkubwa hivyo?" Nikamwambia, "Nilikuambia. Ulisema pilipili." Akasema hakujua. Nikamwambia hata mimi sikujua, lakini mimi nilikwenda kuuliza. Nikampa pete yake, ikiwa na unga. Aliipangusa kwenye suruali akaondoka. Usiku nililia kidogo, nisikudanganye. Nilikuwa nimemzoea.

Daktari ameniona juzi. Anasema mshono umeshika vizuri, ila makovu ya ndani yanaweza kuja kunifunga tena siku moja, nikisikia msokoto nisingoje mtu aniamini, nikimbie. Nimeongezeka kilo. Wiki hii nilikula mkate wa moto, wote, na siagi, nimekaa juu ya gunia la unga. Nikasubiri maumivu. Nikasubiri. Hayakuja.

Jumamosi natoka zamu saa nane mchana. Njoo. Sitakupikia, utapika wewe, na tutagombana wakati unapika, nina mengi sijayasema. Usije na Baba. Bado siwezi kumwona. Ila akikuuliza habari za tumbo langu, mwambie siku hizi likiuma ni njaa tu.

Mdogo wako